Boma Lililokuja Kuitwa Mji: Nyeri na Jirani Zake

Mwezi Desemba 1902, chini ya kilima kilichoko kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, Waingereza walijenga boma. Muda mfupi kabla, kikosi cha King's African Rifles, ambamo Richard Meinertzhagen alikuwa mmoja wa maofisa, kilikuwa kimewapiga watu wa Tetu kwa kisa cha msafara wa wafanyabiashara ulioshambuliwa njiani. Boma likaitwa Nyeri. Hapakuwa na bandari iliyouzaa mji huo, wala machimbo ya madini, wala kaburi la mtakatifu lililovuta mahujaji. Ulizaliwa kwa bunduki na daftari la kodi. Jirani zake hawakuwa na asili tofauti sana. Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, ilitangulia kidogo na kupewa jina la Francis Hall, ofisa aliyefariki 1901. Embu ilifuata 1906 baada ya watu wake kushindwa vitani, na Meru 1908 alipofika ofisa Edward Horne. Nanyuki ilichelewa: ilikua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukingoni mwa Laikipia ambako Wamaasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa, ili iwahudumie askari wastaafu wa Kizungu waliogawiwa mashamba.

Mtu akitaka kuipima miji kama hii kwa kipimo cha historia, mara nyingi huleta miji ya Ulaya ya zama za kati, tena huleta ile iliyong'aa: Florence, Bruges, Lübeck. Miji hiyo ilikuwa na baraza, mhuri, hazina, vyama vya mafundi na mahakama. Katika nchi za Kijerumani desturi ilikuwa kwamba mtwana aliyemtoroka bwana wake, akakaa mjini mwaka mmoja na siku moja bila kudaiwa, alihesabiwa huru. Watu wa London walipewa na Mfalme John mwaka 1215 haki ya kumchagua meya wao kila mwaka. Pale Laon, kaskazini mwa Ufaransa, askofu alipokea fedha za wakazi ili wajitawale, kisha akashirikiana na mfalme kuifuta haki hiyo. Wakazi wakamuua, mwaka 1112. Ukiiweka Nyeri kando ya miji hii huoni ila upungufu, na hitimisho la haraka ni kwamba watu wa mlimani hawakuzoea maisha ya mjini, ndiyo maana miji yao ni ya kupita tu. Nasema kipimo chenyewe kimekosewa. Katika Ulaya ile, wa kufananishwa na Nyeri ni Caernarfon, na tofauti iliyopo kati ya Caernarfon na Florence ndiyo inayoeleza kwa nini siasa za miji ya Mlima Kenya zimefanyika, kwa sehemu kubwa, nje ya miji yenyewe.

Edward wa Kwanza wa Uingereza alipowashinda Wawelisi wa kaskazini mwaka 1283, alianza kujenga ngome Caernarfon, na kando ya ngome akaweka mji wenye ukuta. Mwaka uliofuata mji ukapewa hati. Kwenye karatasi ilikuwa hati nzuri, yenye haki nyingi kama za miji mingine, ila waliokusudiwa kuzifaidi ni Waingereza walioletwa kukaa pale. Wenyeji wa Wales walitakiwa kuleta mazao na mifugo yao katika soko la mji, walipe ushuru. Baada ya uasi wa Owain Glyndŵr kuanza mwaka 1400, sheria za 1401 na 1402 ziliwakataza Wawelisi kununua nyumba katika miji hiyo, kushika vyeo vyake na kuingia na silaha. Soko likawa lao kwa kuuza na kulipa, mji ukabaki wa watu wengine. Aliyesoma historia ya Kenya hahitaji kuelezwa zaidi.

Kabla ya boma hapakuwa na miji mlimani, hilo halina ubishi. Lakini penye uhaba wa kuta si lazima pawe na uhaba wa utaratibu. Masoko ya Wakikuyu yalikwenda kwa zamu, kwa kawaida kila siku ya nne, na yalipangwa ili soko moja lisiue jingine la jirani. Vyungu, tumbaku, nafaka, mbuzi, visu na mapanga ya wahunzi, vyote vilipita humo. Soko lilikuwa na amani yake na wazee wa kuamua magomvi yake. Tena wanawake waliendelea kupeleka chakula Umaasaini na kurudi na ngozi hata katika nyakati ambazo wanaume wa pande hizo mbili walikuwa vitani, kwa sababu njia ya biashara ilikubaliwa kuwa nje ya vita. Ardhi ilikuwa mikononi mwa mbari, yaani ukoo, maamuzi mikononi mwa kiama, yaani baraza la wazee, na rika moja lilikabidhi madaraka kwa jingine kwa sherehe maalumu. Watu waliozoea kuzungumza, kupinga na kukabidhiana madaraka namna hii hawawezi kusemwa kwamba hawakujua siasa. Walichokosa mwaka 1903 ni mlango wa kuziingiza mjini.

Hata pwani yetu inatosha kuonyesha kwamba Mwafrika na mji si wageni mmoja kwa mwenzake. Lamu ilikuwa na Zena na Suudi, pande mbili za mji zilizoshindana na kushirikiana katika kuutawala. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, wenye mashekhe wao na sauti yao mbele ya mtawala yeyote aliyekuja, awe Mreno, Mwarabu au Mwingereza. Mtawala aliwakuta wenye mji, akalazimika kuzungumza nao. Nyeri ilikuwa kinyume: mtawala alifika kwanza, akauweka mji, halafu akaamua nani akae wapi.

Jinsi alivyoamua inaonekana hadi leo kwa anayetembea mjini na jicho la historia. Wazungu walichukua pande zenye mandhari ya mlima. Hoteli ya White Rhino iliyoanzishwa na Berkeley Cole, Lord Cranworth na mwenzao ilikuwa baraza lao lisilo rasmi, na mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker akafungua Outspan, ambako Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alimalizia maisha yake Januari 1941. Wahindi walipewa barabara ya maduka. Duka la Osman Allu lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo, na kwa watu wengi wa vijijini mji ulimaanisha duka la Mhindi lenye chumvi, sukari, marekani na taa za mafuta, pamoja na ofisi ya bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, yenye karani Mgoa. Mwafrika alitakiwa kuja, kulipa kodi ya nyumba, kununua, kufanya kazi akipata, kisha kurudi rizavu, eneo lililotengewa kabila lake. Hoja ya afya ilitumika kuhalalisha mpangilio huu. Profesa Simpson, aliyeletwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki mwaka 1913, alipendekeza kila rangi itengewe mtaa wake, na pendekezo hilo likawa kama msahafu kwa wapangaji miji.

Palikuwa na kundi moja lisilotoshea katika ramani hiyo. Askari wastaafu, wapagazi wa misafara, Waswahili kutoka pwani, Wanubi, wanawake waliokimbia ndoa au kuachwa bila shamba: hawa, pale Nyeri, walikaa mtaa wa Majengo, na Murang'a walikaa mtaa unaoitwa Mjini mpaka leo. Walijenga nyumba za udongo na msikiti, waliuza chai na mandazi, walikodisha vyumba, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mtaa katikati ya nchi ya Kikuyu. Hawakuwa na rizavu ya kurudi. Kwa hiyo kama palikuwa na mtu aliyestahili kuitwa mtu wa mji Nyeri, ni yule wa Majengo, na huyo ndiye aliyeishi juu ya ardhi ya serikali kwa idhini tu, akijua kwamba idhini hutolewa na hutwaliwa.

Kwa mwanamume mwingine yeyote Mwafrika aliyetimiza miaka 16, mji ulianza na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kutekelezwa kwa ukali baada ya vita. Kipande kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kikopo kidogo cha chuma, kikavaliwa shingoni kwa kamba. Ukikifungua unakuta alama za vidole, jina, kabila, mahali alikotoka mtu, jina la kila mwajiri, mshahara, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyouma. Mwajiri asipotia saini ya kumwachilia, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka hivyo hivyo polisi walikuwa na alama za vidole vyake Nairobi. Mtwana wa Ulaya alikimbilia mjini ili bwana wake asimpate. Kijana wa Tetu aliyetoroka shamba la mzungu wa Nanyuki, mji ndio uliomkamata.

Biashara nayo iliwekewa ukuta usioonekana. Sheria ya 1935 ya kusimamia uuzaji wa mazao ya Waafrika ilielekeza ununuzi ufanywe katika masoko yaliyoidhinishwa na kwa wenye leseni, jambo lililomfaa mnunuzi mkubwa kuliko mama aliyebeba mahindi mgongoni. Sheria za mikopo zilisema deni la Mwafrika linalozidi shilingi 200 haliwezi kudaiwa mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Zilielezwa kuwa za kumlinda asidhulumiwe. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka Mwafrika hakukopeshwa mali ya kutosha kujaza rafu mbili. Alibaki katika vituo vya soko vya rizavu, huku barabara kuu ya mji ikibaki ya wengine. Kahawa, zao ambalo lingeweza kumpa mtaji, liliruhusiwa kwa majaribio Meru na Embu katika miaka ya 1930, lakini wakulima wa Nyeri walisubiri hadi miaka ya 1950.

Karatina, jirani mwingine wa Nyeri, inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa maana huko ndiko watu walikokaribia zaidi kujitengenezea mji wao. Reli iliyotoka Thika kwenda Nanyuki ilipita hapo katika miaka ya 1920, wakati Nyeri yenyewe iliachwa kando, stesheni yake ikawa Kiganjo. Soko la eneo hilo la Mathira likakutana na behewa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilianzisha Karatina kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, na wakulima wa vilima vya pembeni wakajifunza kulima viazi, kabichi na karoti kwa ratiba ya kiwanda. Vita vikaisha, kiwanda kikafungwa, na malalamiko ya wakulima hayakubadili neno. Hapakuwa na baraza la mji lenye uwezo wa kusimama na kusema kiwanda hiki ni uhai wetu. Soko, hata hivyo, halikufa. Siku za soko utaona magunia ya viazi yakishushwa kutoka kwenye pikapu alfajiri, wapagazi wakipita kwa kelele, wanawake wakipanga maharagwe kwa aina na kuyapima kwa gorogoro, huku mwenye kitabu cha risiti za ushuru akizunguka. Ustadi wote wa mji upo hapo: kupanga bei, kujuana, kukopeshana, kuapa, kupatana. Ni ustadi ambao haukuwahi kupewa kiti ambapo sheria za soko hutungwa.

Sasa, siasa zilizozuiwa mjini zilikwenda wapi? Zilikwenda kando. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa kuanzia 1925 yalihusu rizavu, yakiwa chini ya uenyekiti wa DC, na mji haukuwa wao. Kikuyu Central Association ilianzia Fort Hall mwaka 1924, lakini nguvu yake ilikuwa katika vilima, kwa walimu na wasomi wa misheni waliodai ardhi. Mgogoro wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana ulipasua makanisa na kuzaa shule huru, na kila shule huru ikawa na kamati, mweka hazina, harambee na kumbukumbu za mikutano. Ukitaka kuona kitu kilichofanana na chama cha mafundi au baraza la mji wa Ulaya, kitafute katika kamati hizo, chini ya mti, maili nyingi kutoka barabara ya maduka. Tarehe 26 Julai 1952 Jomo Kenyatta na viongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) walihutubia Nyeri umati uliokadiriwa kufikia watu 30,000. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi elfu chache tu. Umati ule ulishuka kutoka Tetu, Mathira, Othaya na Mukurweini, ukaujaza mji kwa siku moja, ukarudi. Miezi mitatu baadaye hali ya hatari ilitangazwa, na Chifu Mkuu Nderi, mwana wa Wang'ombe, akauawa Nyeri siku mbili tu baada ya tangazo hilo.

Mji ukarudia kazi yake ya kwanza. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau aliyezaliwa Tetu na kukamatwa karibu na msitu tarehe 21 Oktoba 1956, alishtakiwa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na washauri watatu Waafrika, kwa kosa la kupatikana na bastola. Alihukumiwa kifo, akanyongwa Februari 1957. Wakati huohuo serikali ilikuwa imefanya jambo ambalo wanahistoria wa miji hawalipi uzito unaostahili. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Kikuyu walivunjiwa nyumba zao zilizotawanyika mashambani na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kijiji kikazungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na juu yake ukawekwa mnara wa askari wa kulinda. Kwa idadi ya watu waliokaa pamoja, hiyo ilikuwa miji. Kwa muda wa miaka michache Kenya ya kati ikawa nchi ya miji kuliko sehemu nyingine yoyote ya bara, na kila mmoja wa miji hiyo ulikuwa boma dogo. Ardhi ilipopimwa na kuunganishwa, wenye mashamba walirudi kwao. Wasio na shamba walibaki. Vijiji hivyo vya kikoloni bado vipo Nyeri, na kwa miongo mingi wakazi wake wamekuwa wakidai hati za viwanja walivyozaliwa juu yake.

Kuna atakayesema nimeipamba Ulaya ili niidunishe Nyeri. Miji ile ya zama za kati ilitawaliwa na familia chache tajiri. Wanawake hawakuwa na nafasi barazani. Wayahudi waliwekewa mitaa na mara kwa mara kufukuzwa. Wafanyakazi wa sufu wa Florence, walioitwa Ciompi, walilazimika kuasi mwaka 1378 ili wasikike, na ushindi wao haukudumu. Yote hayo ni kweli, na sitaki kuyapunguza. Lakini Ciompi waliasi dhidi ya nani? Dhidi ya baraza la mji, jumba lake likiwa pale pale uwanjani, na walichodai ni kuingizwa ndani yake. Chombo kilikuwepo cha kupigania. Mkazi wa Majengo katika miaka ya 1930 hakuwa na jumba la kulizingira. Angeizingira ofisi ya DC, na hilo lingekuwa uasi dhidi ya Mfalme wa Uingereza.

Mwingine ataleta Meru. Huko, atasema, Njuri Ncheke, baraza la wazee, lilitambuliwa na baadhi ya maofisa wa kikoloni na likatumiwa katika utawala, kwa hiyo si kila mahali wenyeji waliachwa nje. Pingamizi hili lina uzito zaidi kuliko la kwanza. Hata hivyo kiti cha Njuri Ncheke kiko Nchiru, si katikati ya mji wa Meru, na mamlaka yake yalihusu ardhi, viapo na desturi za Wameru. Taa, mifereji, vibanda na kodi za nyumba za mjini havikuletwa mbele yake. Utawala ulikubali baraza la wenyeji kwa sharti kwamba lisiwe baraza la mji.

Uhuru ungeweza kubadilisha haya, na kwa muda ulielekea kufanya hivyo. Madiwani walichaguliwa, Waafrika wakanunua maduka barabara kuu, na Nyeri ikapandishwa kuwa manispaa mwaka 1971. Lakini kabla ya hapo, kwa sheria ya 1969, serikali kuu ilikuwa imeyanyang'anya mabaraza ya wilaya elimu ya msingi, afya na barabara, pamoja na kodi iliyoyaendesha. Manispaa zilibakiwa na zaidi kidogo. Kwa raia wa kawaida baraza likawa ni askari wa kanjo wanaofukuza wachuuzi. Katiba ya 2010 ikayafuta mabaraza hayo yote na kuweka kaunti. Sheria ya miji ya 2011 ikasema miji itarudishiwa vyombo vyake kwa hati, na kuanzia 2018, kwa msukumo wa fedha za Benki ya Dunia, magavana wengi walitoa hati za manispaa. Bodi za manispaa hizi hazichaguliwi kwa kura za wakazi. Wajumbe huteuliwa na gavana, baadhi kwa kupendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara na wakazi wa mitaa, kisha bunge la kaunti huwaidhinisha.

Watetezi wa mpango huu hujibu kwamba gavana mwenyewe amechaguliwa, na mwakilishi wa wadi vilevile, kwa hiyo mkazi wa mji ana kura mbili tayari. Anazo, ila ile ya gavana anaipiga pamoja na wakulima wa chai na kahawa wa wadi nyingi zaidi, ambao haki yao ni kudai barabara ya kiwanda na bei ya majani kabla ya kudai mfereji wa Majengo. Gavana mwenye akili huhesabu kura zilipo. Mji nao hubaki na kazi yake ya tangu 1902: ushuru wa soko, leseni za biashara na ada za maegesho hukusanywa humo kila siku, na kwa mujibu wa Katiba fedha hizo huingia katika hazina ya kaunti nzima, ambako bodi ya manispaa hulazimika kwenda kuomba sehemu yake pamoja na waombaji wengine.